Nyuzi za Nyatiti Katika Sinema: Ayub Ogada, Gustavo Santaolalla na Sauti za Uasin Gishu

Muziki huingia katika filamu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mtunzi ambaye mwongozaji wa filamu humwita mapema, humsimulia hadithi, humwonyesha picha na kumwachia atunge sauti inayolingana na kila tukio. Mtu huyo ndiye aitwaye mtunzi wa muziki wa filamu, na jina lake huandikwa kwenye skrini pamoja na majina ya wakuu wa kazi. Njia ya pili ni ya wimbo uliokwisha kurekodiwa kwa shughuli nyingine, ambao wenye filamu hununua kibali cha kuutumia na kuupachika mahali wanapoona unafaa. Historia ya wanamuziki wa Kenya katika sinema ya kimataifa imekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya njia hii ya pili, ilhali baadhi ya wenzao wa Amerika ya Kusini, walioanza kama wao wakiwa na vyombo vya nyuzi vya jadi, walifaulu kuvuka kutoka njia ya pili hadi ya kwanza. Ayub Ogada wa Kenya na Gustavo Santaolalla wa Ajentina ni mfano ulio wazi wa hali hiyo, kwa kuwa muziki wao ulikutana katika kinyang'anyiro kimoja cha tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mtu akizifuatilia kazi zao tangu mwanzo ataona kwamba kilichowatenganisha hakikuwa kipaji wala ubora wa chombo, bali ni nani aliitwa, aliitwa lini, na kwa mkataba gani.

Eneo la Ainabkoi, lililo kusini-mashariki mwa mji wa Eldoret katika Kaunti ya Uasin Gishu, laweza kuonekana kuwa mbali sana na mambo ya Los Angeles na London, lakini limo ndani ya historia hii. Ni nchi ya juu na ya baridi, yenye mashamba ya mahindi, ngano, viazi na ng'ombe wa maziwa, inayopitiwa na reli iliyojengwa kutoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka kupitia Ainabkoi na kufika Eldoret mwaka 1924. Wakalenjin wa nyanda hizi wana kinubi chao, yaani chombo ambacho nyuzi zake hutandazwa kutoka kwenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi hadi kwenye mti wa juu unaoshikiliwa na mihimili miwili. Wakipsigis hukiita chepkong'o, na jina la kibugandet nalo husikika miongoni mwa jamaa zao. Chombo hicho ni ndugu wa karibu wa nyatiti ya Waluo walio chini kwenye Ziwa Viktoria, hata mtu anayekijua kimoja hawezi kukiona kingine kuwa kigeni. Kwa hiyo nyatiti ilipofika kwenye sinema, haikwenda na sauti ya kabila moja peke yake, bali na sauti ya ukanda mzima wa magharibi ya Kenya, kutoka ufuko wa ziwa hadi ukingo wa Bonde la Ufa.

Sauti ya vinubi hivyo ilinaswa kwa ajili ya dunia ya nje kabla Ogada hajazaliwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake kusini mwa Afrika akirekodi muziki wa Waafrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, kusini mwa Uasin Gishu, akiwa na mitambo yake ya kunasia sauti. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi huko ziko tatu zinazoitwa kwa jina moja, Chemirocha, na ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake kwa kusindikizwa na kinubi, ndiyo iliyopata sifa kuliko zote. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika nyanda hizo pamoja na gramafoni za Waingereza. Tracey aliandika kwamba wasichana hao walimwazia mwimbaji huyo wa ajabu kuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: wasichana wa Kapkatet walipokea sauti iliyotoka ng'ambo bila picha wala maelezo, wakaitungia kiumbe, wakampa jina na kumwimbia. Huko ni kutunga, na ni kutunga kwa hali ya juu, kwani kuipa sauti umbo linaloonekana ndiyo kazi ya mtunzi wa filamu ikigeuzwa upande wake wa pili.

Hata hivyo, rekodi hiyo iliondoka. Tracey alianzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, na nyimbo za Wakipsigis zikahifadhiwa humo na kutolewa kwenye santuri zilizosikilizwa Ulaya na Marekani, huku wale walioziimba wakiendelea na maisha yao bila kuzisikia tena. Ilipofika mwaka 2015 ndipo maktaba hiyo, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha nyimbo hizo kwa wenyewe, miaka 65 baada ya kurekodiwa. Tracey anastahili shukrani kwa kuokoa sauti ambazo pengine zingepotea; lakini utaratibu alioufuata, wa mgeni kushika mitambo na mwenyeji kutoa sauti, ndio uliokuja kurithiwa na sinema.

Ayub Ogada alizaliwa mwaka 1956 mjini Mombasa, akiitwa Job Seda, katika familia ya Kiluo iliyojaa muziki. Alipokuwa mtoto wa miaka 6 familia hiyo ilikwenda Marekani, ambako baba yake alikuwa masomoni na wazazi wote wawili wakawachezea Wamarekani muziki wa kwao, kisha ikarejea Kenya. Malezi hayo ya pande mbili yalimpa mazoea ya kuiona ngoma ya nyumbani kama kitu kinachoweza kusimama jukwaani mbele ya mtu asiyejua lugha yake, nayo yalimfaa maisha yake yote. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa wanamuziki wa Black Savage, bendi ya Nairobi iliyochanganya gitaa za umeme za mtindo wa roki na lugha na melodi za Kenya, na ambayo mwaka 1976 ilirekodi Kothbiro, wimbo wa James Mbarack Achieng, ambao jina lake kwa Kiluo humaanisha kwamba mvua inakuja. Mwaka 1979 alishiriki kuunda African Heritage Band, bendi iliyofungamana na jumba la sanaa la African Heritage, lililoanzishwa Nairobi na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, pamoja na Mmarekani Alan Donovan.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipoishika nyatiti kwa dhati. Chombo hiki chenye nyuzi 8 humtaka mchezaji wake awe bendi nzima peke yake: kwa desturi huketi kwenye kigoda kifupi, akakilaza chombo mbele yake, akazidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, huku kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa kimevishwa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo kutoa mdundo, na njuga zilizofungwa mguuni zikijibu kila mguu unapotikisika. Juu ya hayo yote huja sauti ya mwimbaji. Ogada hakuupunguza utaratibu huo, lakini aliupa utulivu. Aliimba kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, akaacha nafasi kati ya mzunguko mmoja wa nyuzi na mwingine, na utulivu huo ndio uliokuja kuwafaa watu wa sinema, kwa sababu muziki wenye nafasi ndani yake hauyazibi maneno ya waigizaji wala hauushindi uso wa mtu kwenye skrini.

Mara ya kwanza sinema kubwa ilipomwita, haikumwita kwa muziki. Katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyotokana na kumbukumbu za Karen Blixen na kupigwa picha Kenya, Ogada alishiriki kama mwigizaji kwa jina lake la Job Seda, na muziki ukatungwa na Mwingereza John Barry, aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo ya okestra ya nyuzi na zumari za Kizungu. Sauti ya wenyeji ilipewa kipande kifupi, Siyawe, wimbo wa jadi uliopangwa na George Senoga-Zake, mwalimu wa muziki aliyekuwa mmoja wa jopo lililotunga Wimbo wa Taifa wa Kenya. Ni haki kusema kwamba muziki wa Barry ni mzuri. Lakini ni haki pia kusema kwamba filamu hiyo iliifundisha dunia kuisikia Kenya kwa fidla za okestra, na kwa miaka mingi baadaye kila ndege ya kitalii iliyopaa juu ya mbuga katika filamu ilipaa na fidla za namna hiyo. Mpiga nyatiti alikuwapo kwenye eneo la upigaji picha, amevaa mavazi ya uigizaji, na hakuna aliyemwomba apige. Mwaka 1987 aliigiza tena, katika The Kitchen Toto, filamu inayohusu Kenya ya wakati wa Mau Mau.

Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga muziki mitaani London na kwenye vituo vya treni ya chini ya ardhi akitegemea sarafu za wapita njia. Kutoka huko alialikwa kwenye tamasha la WOMAD, linaloendeshwa na watu wa karibu wa mwanamuziki Peter Gabriel, na mwishowe akaingia katika studio za Real World zilizoko kijiji cha Box, magharibi mwa Uingereza, alikorekodi albamu ya En Mana Kuoyo iliyotolewa mwaka 1993. Humo ndimo Kothbiro iliporudi kwa umbo jipya. Wimbo uliokuwa wa bendi ya gitaa mwaka 1976 ukawa sasa wa nyatiti na sauti ya mtu mmoja inayoitana na sauti chache nyuma yake, mzunguko mfupi wa nyuzi ukirudiwa bila haraka tangu mwanzo hadi mwisho. Waliousikia wengi hawakujua kwamba ni wimbo wa Nairobi wenye umri wa miaka 17. Waliusikia kama kitu cha kale kisicho na mwenyewe, na dhana hiyo ya kutokuwa na mwenyewe ndiyo hatari kubwa inayoukabili muziki wowote wa Afrika unaosafiri bila karatasi zake.

Wakati Ogada akipiga mitaani London, Gustavo Santaolalla alikuwa tayari na miaka karibu 10 Los Angeles. Huyu alizaliwa mwaka 1951 El Palomar, pembezoni mwa Buenos Aires, na mwaka 1967, akiwa kijana wa miaka 16, aliunda kundi la Arco Iris lililochanganya roki na miziki ya jadi ya Amerika ya Kusini, kama vile Black Savage walivyofanya Nairobi muda mfupi baadaye. Utawala wa kijeshi ulipoikaba Ajentina, ambako vijana wenye nywele ndefu na gitaa walikamatwa mara kwa mara, aliihama nchi mwaka 1978 na kuhamia California. Huko hakutegemea jukwaa peke yake. Alijifunza kazi ya mtayarishaji, yaani mtu anayesimamia studio, anayechagua wanamuziki, anayeamua sauti ipi isikike mbele na ipi nyuma, na ambaye kwa kawaida ana sehemu yake katika umiliki wa rekodi. Akawatayarishia albamu makundi mengi yanayoimba roki kwa Kihispania, wakiwemo Café Tacvba wa Meksiko, na baadaye mwimbaji Juanes wa Kolombia. Kufikia siku ambayo sinema ilimgundua, alikuwa na studio, na mawakili, na mazoea ya kusoma mikataba. Kitu kimoja hakuwa nacho: hajui kusoma wala kuandika nota za muziki, jambo ambalo amelisema hadharani mara nyingi, na halikumzuia.

Mlango wake ulifunguliwa na albamu ndogo ya mwaka 1998 inayoitwa Ronroco, kwa jina la chombo kinachotawala humo. Ronroco ni ndugu mkubwa wa charango, gitaa dogo la watu wa milima ya Andes, na ina nyuzi 10 zilizopangwa jozi tano, ikitoa sauti ya kutetemeka inayokaa kati ya gitaa na kinubi. Mwongozaji Michael Mann alikitwaa kipande kimoja cha albamu hiyo, Iguazu, na kukitumia katika filamu yake The Insider ya mwaka 1999. Hadi hapo, safari ya Santaolalla na ya Ogada ni moja: mtu na chombo cha nyuzi cha kwao, albamu tulivu, na kipande kilichookotwa na watu wa filamu. Kilichofuata ndicho kilichowaachanisha. Mwaka 2000 Alejandro González Iñárritu wa Meksiko, akitengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, Amores perros, hakununua wimbo wa Santaolalla. Alimtaka Santaolalla mwenyewe atunge muziki wote. Akamwita tena kwa 21 Grams mwaka 2003. Mwaka 2004 Walter Salles wa Brazili akamkabidhi The Motorcycle Diaries, filamu ya safari ya ujana ya Che Guevara, na mwaka 2005 Ang Lee wa Taiwan akamkabidhi Brokeback Mountain. Kwa filamu hiyo ya mwisho, Santaolalla alitunga sehemu kubwa ya muziki kabla ya kamera kuanza kufanya kazi, akitegemea mazungumzo na mwongozaji na andiko la hadithi tu, hata picha ikapigwa ikiifuata sauti. Hakuna heshima kubwa zaidi ambayo sinema inaweza kumpa mtunzi.

Waongozaji wa Amerika ya Kusini walipoanza kupewa fedha na makampuni makubwa, hawakwenda peke yao, waliwachukua watunzi wao. Huo ndio utaratibu ambao Kenya haikuwa nao, na mwaka uleule wa 2005 ulidhihirisha hivyo. Fernando Meirelles, Mbrazili aliyepata sifa kwa filamu ya City of God, alikuja Kenya kuongoza The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré kuhusu kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio wagonjwa maskini. Sehemu za filamu hiyo zilipigwa Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Kazi ya kutunga muziki alipewa Alberto Iglesias, Mhispania anayefahamika zaidi kwa filamu za Pedro Almodóvar. Iglesias aliisikiliza Kenya kwa makini zaidi kuliko Barry, na nyimbo mbili za Ogada, yaani Kothbiro na Dicholo, ziliwekwa ndani ya filamu. Kothbiro ndiyo iliyobaki vichwani mwa watazamaji walipotoka ukumbini, na kwa wengi jina la filamu hiyo humaanisha sauti ya Ogada kuliko nota yoyote ya okestra. Lakini kwa utaratibu wa kazi, Ogada alikuwa mwenye wimbo uliotumika, naye Iglesias alikuwa mtunzi.

Tarehe 5 Machi 2006, katika kuwania Oscar ya muziki asilia wa filamu, yaani muziki uliotungwa mahsusi kwa ajili ya picha husika, Iglesias alikuwa mmoja wa walioteuliwa kwa The Constant Gardener, na aliyeshinda alikuwa Santaolalla kwa Brokeback Mountain. Mwaka uliofuata Santaolalla alishinda tena, kwa Babel ya Iñárritu. Kwa hiyo ukumbi mmoja, usiku mmoja, ulikuwa na nyuzi za Amerika ya Kusini zilizoletwa na mwenyewe, na nyuzi za magharibi ya Kenya zilizowakilishwa na mtu mwingine. Kanuni za tuzo hiyo hazihesabu nyimbo zilizokwisha kurekodiwa kabla, hivyo jina la Ogada lisingeweza kuwamo hata kama wapiga kura wote wangempenda. Santaolalla aliendelea hadi michezo ya kompyuta, akatunga muziki wa The Last of Us mwaka 2013 kwa ronroco na gitaa zilezile. Kothbiro nayo ilizidi kusafiri: ikatumika katika Samsara, filamu ya mwaka 2011 isiyo na maneno, na mwaka 2018 rapa Kanye West akachukua rekodi ya Black Savage na kuijenga ndani ya wimbo wake Yikes, majina ya Achieng na Ogada yakiandikwa miongoni mwa watunzi. Hapo, angalau, karatasi zilikuwapo.

Eldoret nayo iliingia kwenye skrini miaka michache baada ya tuzo hizo za Oscar. Mwezi Januari 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, mkongwe wa Mau Mau mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka uliotangulia. Mwaka 2005 alihutubia Umoja wa Mataifa, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamfukuza kwenye makao yake, na akafariki Agosti 2009. Filamu ya maisha yake, The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2010, ilimpa mwigizaji Mkenya Oliver Litondo nafasi kuu, na hilo lilikuwa jambo jema. Muziki ulitungwa na Mwingereza Alex Heffes, ambaye alikuwa ametunga pia muziki wa The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 kuhusu Idi Amin wa Uganda. Heffes ni fundi anayeheshimika, na kazi hiyo ilimletea tuzo. Lakini ukiangalia kwa mstari mmoja kutoka 1950 hadi 2010, utaona kwamba nyanda hizi zilikuwa zimetoa sauti kwa Tracey, hadithi na mzee wa kuigwa kwa Chadwick, na bado hazijatoa mtunzi aliyeketi kwenye kiti cha kutunga.

Mabadiliko yalitokea kwa upande ambao wengi hawakuutazamia, yaani sanaa ya sauti. Hii ni sanaa ambayo malighafi yake ni sauti zilizonaswa mahali halisi, kama vile mvua juu ya mabati, injini za matatu, watu wakiongea sokoni au umeme ukiguguma kwenye nyaya, ambazo msanii huzipanga, huzirefusha na kuzitandika tabaka juu ya tabaka hadi ziwe utunzi. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997 na anayejulikana kwa jina la KMRU, ndiye aliyeisimamisha sanaa hiyo ya Kenya mbele ya dunia. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, na amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego ya Vienna, kisha akasoma shahada ya uzamili ya sanaa za sauti katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Berlin. Kazi yake Temporary Stored ya mwaka 2022 inahusika moja kwa moja na historia inayosimuliwa hapa: ndani yake alizichukua rekodi za Waafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, akazisikiliza kama mrithi anayekagua mali ya ukoo iliyowekwa kwa jirani, na kuzitungia upya kwa jina lake mwenyewe. Nyokabi Kariũki, mtunzi Mkenya wa kizazi hichohicho, alitoa mwaka 2022 mkusanyiko wa tungo unaoitwa peace places: kenyan memories, aliousuka kwa sauti alizozirekodi katika sehemu za Kenya anazozipenda, pamoja na lugha za nyumbani. Kwa wasanii hawa mtu anayeshika kinasa sauti na mtu anayetia sahihi utunzi ni mmoja, na hilo ndilo lililokosekana Kapkatet mwaka 1950 na Kibera mwaka 2004.

Ogada hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alirudi Kenya, akafanya makao Nyahera karibu na Kisumu, na huko mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren alimfuata wakarekodi albamu ya Kodhi iliyotolewa mwaka 2015. Alifariki tarehe 1 Februari 2019. Angeweza kabisa kutunga muziki wa filamu nzima. Mtu anayesikiliza En Mana Kuoyo kuanzia mwanzo hadi mwisho husikia wazi kwamba anayo hisi ya muda, ya ukimya na ya kurudisha melodi ileile kwa maana mpya, ambazo ndizo sifa zilizompa Santaolalla Oscar mbili. Hakuombwa.

Vifaa vinavyotakiwa ili jambo hilo lisirudiwe Uasin Gishu si vya ajabu. Eldoret ina wanamuziki wengi wanaorekodi kwa Kikalenjin, ina vijana wanaotengeneza filamu kwa kamera ndogo, na Kaptagat, iliyo jirani na Ainabkoi, imekuwa ikipokea kamera za kimataifa zinazofuata wakimbiaji wa mbio ndefu kama Eliud Kipchoge. Kila kamera kati ya hizo huhitaji muziki. Wimbo mmoja una haki mbili ndani yake, haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, na haki ya rekodi, yaani sauti ileile iliyonaswa siku ile, na kila moja hudaiwa peke yake; anayeziuza zote mbili kwa mkupuo bila kujua amepoteza mirabaha ya miaka mingi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa kipimo hicho tungo za Ogada mwenyewe zitalindwa nchini hadi mwisho wa 2069, rekodi ya Black Savage ya mwaka 1976 hadi mwisho wa 2026, na rekodi ya Chemirocha ya mwaka 1950 ilifikia kikomo cha miaka 50 mwishoni mwa mwaka 2000, kabla haijarudishwa nyumbani.

Nyimbo za jadi zina kinga nyingine. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Kazi za Utamaduni ya mwaka 2016 huzitambua kuwa mali ya jamii, na huzipa serikali za kaunti jukumu la kuzikusanya na kuziandikisha katika rejista. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu na iitumie sheria hiyo sasa: itume vijana wenye vinasa sauti Ainabkoi, Kaptagat na kwingineko, wawarekodi wazee wanaojua kupiga kinubi, waandike jina la kila mpigaji na la kila mwimbaji, na waziweke rekodi hizo mahali ambapo mwongozaji wa filamu yeyote, kutoka Eldoret au Los Angeles, atazikuta zikiwa na wenyewe.